Aliyepiga besi kwenye nyimbo za Queen ni nani, na kwa nini alinyamaza?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Unguja, napiga besi kwenye bendi ya hotelini. Wageni wakijua tuko Zanzibar hutuomba nyimbo za Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza, kwa ajili ya mwimbaji wake Freddie Mercury, mzaliwa wa hapa. Juzi mgeni mmoja akanifuata mimi, akaniuliza: kwenye zile santuri besi kapiga nani? Nikakosa jibu, nikaona haya. Baadaye nikaambiwa ni John Deacon, na kwamba ameacha muziki kabisa, haonekani popote. Je, alikuwa mpigaji mkubwa kweli au alibahatika tu kuwa nyuma ya Freddie? Na kwa nini aliacha?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Hiyo haya iweke pembeni. Mimi nimeliungurumisha gitaa zito kwenye bendi za dansi za Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka ishirini. Wapenzi wetu walijua jina la mwimbaji, la mpiga solo, hata la mpuliza tarumbeta wa pili. Mimi nilikuwa "yule bwana wa kule nyuma". Siku niliyougua na bendi ikapanda jukwaani bila besi, ndipo walipouliza niko wapi.

Nianze na swali lako la bahati, kwa sababu ndilo lililonikera kidogo. Nadhani wageni wako wanaomba "Another One Bites the Dust", "I Want to Break Free" na "You're My Best Friend". Zote tatu katunga Deacon, maneno na muziki. Freddie aliimba alichoandikiwa na mpiga besi wake. Kwa hiyo ukisema alibahatika kuwa nyuma ya Freddie, mimi nakujibu kwamba na Freddie naye alibahatika kuwa mbele ya Deacon.

Alizaliwa tarehe 19 Agosti 1951 mjini Leicester, katikati ya Uingereza, akakulia kitongoji cha Oadby. Baba yake alikuwa mtu wa kampuni ya bima, akafariki kijana hajafika hata miaka kumi na miwili. Mtoto mwenyewe alikuwa mkimya, mikono haitulii, anafungua redio na kuzifunga. Aliitengeneza mashine ya kanda ili imrekodie nyimbo moja kwa moja kutoka redioni. Shuleni, mwaka 1965, akaunda bendi na wenzake iliyoitwa The Opposition, na humo alipiga gitaa la rithim. Aliyekuwa akipiga besi hakutosha, wakamtoa, Deacon akaichukua nafasi. Nadhani unaifahamu hadithi hiyo, maana wapiga besi wengi tumeingia kwa mlango huo huo: hakuna mwingine, basi shika wewe. Ila alivyoanza na rithim ni jambo la kukumbuka, tutalirudia.

Mwaka 1969 alikwenda London kusoma elektroniki Chelsea College, akahitimu kwa daraja la kwanza. Oktoba 1970 aliwahi kuiona Queen ikipiga, na haikumgusa. Ile filamu ya Queen ya mwaka 2018, "Bohemian Rhapsody", inamwonyesha yuko jukwaani tangu siku ya kwanza ya Freddie. Sivyo. Queen walikwishajaribu wapiga besi watatu kabla yake. Mwanzoni mwa 1971 alikutana na Brian May, mpiga gitaa wa Queen, na Roger Taylor, mpiga dramu wao, kwenye disko, wakamwita Imperial College wamsikilize. Walichokipenda, kwa maelezo yao wenyewe, kilikuwa zaidi ya upigaji: hakuwa na makeke, na alijua kutengeneza vyombo. Bendi yenye watu watatu wenye sauti kubwa ilihitaji wa nne asiyegombania kipaza sauti. Alikuwa mdogo kuliko wote, na hakuna wimbo hata mmoja wa Queen ambao yeye ndiye kiongozi wa sauti.

Kwenye albamu ya kwanza, 1973, jina lake walilichapa kinyume, "Deacon John", kwa kuwa waliona linapendeza zaidi hivyo. Akawaomba walirudishe lilivyo. Albamu ya pili likarudi.

Sasa nikusimulie habari ya kisanduku, maana wanafunzi wangu wa ufundi huipenda kuliko muziki wenyewe. Siku moja mwaka 1972, Deacon anarudi nyumbani kutoka mazoezini, akaona kwenye kontena la takataka la mtaani pametupwa vipande vya vifaa vya umeme, na nyaya zinaning'inia. Wewe na mimi tungepita. Yeye akaokota. Ulikuwa ubao wa saketi wa kaseti au redio ndogo, wa transista za kizamani za jemaniamu. Akaenda nao nyumbani, akautia ndani ya kasha la spika ya rafuni, akaunganisha betri ya volti 9. Hakuweka kitufe cha sauti, wala cha besi, wala cha kuzimia. Ukichomeka gitaa inanguruma, ukichomoa inanyamaza. Brian May alipochomeka gitaa lake, lile alilolichonga yeye na baba yake, ikatoka sauti kama ya zeze, kama ya tarumbeta, kama ya watu wanaoimba midomo imefungwa. Akaipenda kiasi kwamba akaitumia studioni kwa miaka mingi kupanga magitaa tabaka juu ya tabaka. Ukisikiliza "Good Company" ya mwaka 1975 utaapa kuna bendi nzima ya jazi ya wapulizaji. Ni gitaa moja na kile kisanduku cha takataka. Kinaitwa Deacy Amp hadi leo, na viwanda vimetengeneza nakala zake.

Kwa hiyo hata pale unaposikia solo la Brian, wakati mwingine unasikia na mkono wa Deacon.

Kutunga alichelewa. Wimbo wake wa kwanza, "Misfire", ulitoka 1974 kwenye "Sheer Heart Attack", dakika mbili tu, na magitaa mengi ya humo kapiga mwenyewe. Januari 1975 akamwoa Veronica Tetzlaff, na wimbo aliomtungia mkewe ndio "You're My Best Friend". Aliutunga akijifunza piano ya umeme. Freddie, mpiga piano hodari, aliikataa ile piano ya umeme, akisema ina sauti mbaya na yeye anataka piano kubwa ya kweli. Deacon hakubishana. Akaenda nayo nyumbani, akajifunza, akapiga mwenyewe kwenye rekodi. Ile sauti ya mwanzo inayolia kama kengele iliyofunikwa kitambaa ni vidole vya mpiga besi. Ndoa ile ilidumu na wakajaaliwa watoto sita. Bendi za rock za zama zile zilikuwa na habari tofauti kabisa za ndoa, lakini hayo si mambo ya hapa.

Tufike kwenye kibao chenyewe. Deacon tangu shuleni alipenda muziki wa soul wa Wamarekani weusi, jambo ambalo wenzake hawakulishabikia sana. Mwaka 1979 bendi ya Chic ilitoa "Good Times", besi ikiwa mikononi mwa Bernard Edwards. Deacon aliwahi kukaa nao studioni kwao. Mwaka uliofuata, Queen wakiwa Munich wakirekodi "The Game", akaja na "Another One Bites the Dust". Undugu wa nyimbo hizo mbili husikika bila kuambiwa. Edwards hakukasirishwa na hilo. Kilichomuudhi ni waandishi waliodai kwamba Chic ndio walioiba kwa Queen, wakati wimbo wao ulitangulia kwa zaidi ya mwaka.

Deacon alipiga karibu kila kitu mle: besi, gitaa la rithim, na ile milio ya ajabu ya piano iliyorekodiwa na kuchezwa kinyumenyume. Hapo ndipo ule urithi wa kuanza na rithim unapoonekana. Alitaka dramu kavu, isiyo na mwangwi. Roger Taylor, aliyependa dramu zitikise ukuta, hakufurahi, lakini akazijaza mablanketi, akapiga vipande vichache vilivyounganishwa kwenye kanda vikajirudia. Freddie ndiye aliyeuona wimbo tangu mwanzo. Brian May amesimulia kwamba aliuimba mpaka koo likatoka damu.

Hawakuwa na nia ya kuutoa kama singo. Michael Jackson, aliyekuwa akienda kuwatazama Los Angeles, aliwafuata nyuma ya jukwaa akawaambia mkiacha kuutoa huu mtakuwa wajinga, au maneno ya namna hiyo. Redio za Wamarekani weusi zikaukamata, baadhi ya wasikilizaji wakidhani ni bendi ya weusi. Oktoba 1980 ukakaa nambari moja Marekani kwa majuma matatu.

Chukua gitaa lako sasa. Unaanza na A na G za kuingilia, halafu E tatu, kila moja kwenye pigo lake, kila moja imekatwa. Kisha kimya. Kisha E E E G E A, na kimya tena. Noti zenyewe mwanafunzi wa siku mbili anazipata. Ugumu uko kwenye kuzikata. Kidole cha kulia kikishapiga, mkono wa kushoto lazima uuzime uzi hapo hapo, kabla noti haijapata nafasi ya kuzeeka. Nimewasikia vijana wengi wanapiga wimbo huu na E zao zinavutana kama ugali usioiva, halafu wanalaumu spika. Jirekodi kwa simu, usikilize mapengo tu. Mapengo yakiwa sawasawa, umeupata. Yasipokuwa sawa, hata ukinunua Fender Precision kama lake haitakusaidia.

Mwaka 1981 walikuwa Montreux, Uswisi, David Bowie akapita studioni. Wakaanza kuchezacheza, na Deacon akawa anarudia noti saba: D sita na A moja. Wakaenda kula piza. Waliporudi, Deacon kasahau alichokuwa akipiga! Roger ndiye aliyekumbuka. Kama asingekumbuka, "Under Pressure" isingekuwapo, au ingekuwa wimbo mwingine. Brian na Roger wanasema mstari ule ni wa Deacon. Deacon mwenyewe aliwahi kusema ni wa Bowie. Mtu anayekana sifa yake hadharani namna hiyo, mimi kwenye muziki sijakutana naye mara mbili. Ulifika nambari moja Uingereza, na mwaka 1990 rapa Vanilla Ice akaichukua ile besi akatajirika nayo, mpaka wenyewe wakaidai haki yao.

Usidhani lakini kwamba kila alichogusa kilikuwa dhahabu. Albamu ya "Hot Space" ya 1982 ilivutwa sana upande wake wa disko, na mashabiki wa rock hawakuimeza. Yeye na Brian waligombana juu ya "Back Chat": Deacon alitaka iwe ya midundo tu, Brian anataka solo la gitaa. Na jambo la kuchekesha ni kwamba kwenye "Staying Power" besi ni ya kinanda, Freddie ndiye anaipapasa, na Deacon anapiga gitaa la rithim. Mpiga besi anaifungulia disko mlango, disko inamnyang'anya besi.

Kisha "I Want to Break Free", 1984. Kwenye video walivaa nguo za kike, na Deacon ni yule bibi aliyenuna kwenye kochi. Solo lililo katikati wengi hudhani ni gitaa la Brian. Ni kinanda cha Fred Mandel. Wimbo wa kutaka kujinasua ukapendwa na watu wenye minyororo ya kweli, huko Amerika ya Kusini na Afrika ya Kusini. Lakini Oktoba mwaka huo huo Queen walikwenda kupiga Sun City, mji wa kamari huko Afrika ya Kusini, ndani ya Bophuthatswana, moja ya bantustani, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika na serikali ya ubaguzi, wakati wasanii duniani walikwishaombwa wasiwatumbuize Makaburu. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, Umoja wa Mataifa ukawaweka kwenye orodha ya waliovunja mgomo. Walijitetea kwamba wao si wanasiasa. Sisi tuliokuwa na wakimbizi wa ANC pale Mazimbu, Morogoro, utetezi huo haukutuingia. Nampenda Deacon kama mpigaji, na hili nalo nalitaja.

Live Aid, lile tamasha la hisani la tarehe 13 Julai 1985, umeshaiona, kila mtu kaiona. Itazame tena ukimwangalia yeye peke yake, mwenye nywele za msokoto, anacheza miguu yake midogo midogo mahali pamoja huku Freddie akiuchukua uwanja wa Wembley. Kwa dakika ishirini haangalii kamera kama anaijali.

Nyuma ya pazia alikuwa na kazi nyingine: hesabu. Wenzake walimwachia kusoma mikataba, na wakijua Deacon kakubali, basi fedha ziko salama. Fedha ilikuwa sababu ya ugomvi mwingi, kwa kuwa mtunzi wa wimbo ndiye aliyepata fungu kubwa, na mwenye wimbo wa upande wa pili wa singo alipata sawa na mwenye kibao. Kuanzia "The Miracle", 1989, nyimbo zote zikaandikwa kwa jina la Queen. Wote wamesema hilo liliwapunguzia maneno. Bendi zetu nyingi zimekufa kwa jambo hili hili, na hakuna iliyokufa kwa kukosa noti.

Sasa kwa nini aliacha. Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Aprili 1992 Deacon alipiga kwenye tamasha la kumuenzi pale Wembley, na mwaka 1993 akapanda jukwaani na Roger kwa ajili ya hisani. Akasaidia kuimalizia "Made in Heaven", iliyotoka 1995, kwa sauti alizoziacha marehemu. Januari 1997 walikuwa Paris kwenye onyesho la baleti la Maurice Béjart, Elton John akaimba "The Show Must Go On", Deacon akapiga besi. Ilikuwa mara ya mwisho mbele ya watu na Queen. Mwaka huo wakarekodi "No-One but You", wimbo wa kumbukumbu ambao Brian na Roger wanaimba, na hapo akafunga kasha la gitaa. Alikuwa na miaka 46.

Wenzake wamesema wazi kwamba kifo kile kilimvunja kuliko walivyodhani. Ukifikiri kidogo utaona. Freddie ndiye aliyemkinga yule kijana mkimya miaka yote, ndiye aliyezipigania nyimbo zake za midundo wakati wengine wananuna. "Friends Will Be Friends" ya mwaka 1986 waliitunga wawili hao. Msanii mwingine angeweza kumtafuta mwimbaji mpya, yeye hakutaka. Mwaka 2001 Queen walipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, orodha ya heshima ya wanamuziki wa rock huko Marekani, Brian na Roger walikwenda, mama yake Freddie alikwenda, Deacon hakwenda. Hao wawili wakaendelea na Paul Rodgers, baadaye na Adam Lambert. Naye hakuwazuia. Mwenye fungu lake, mwenye sahihi yake kwenye mambo ya kampuni, kakaa nyumbani London na familia yake.

Watu humwita mpweke, wengine wanasema kachanganyikiwa. Mimi nasema alistaafu. Fundi seremala akiweka randa chini akiwa na uwezo wa kula, hakuna anayemwandikia habari gazetini. Waandishi wanaomvizia mitaani wampige picha akinunua mahitaji yake wananiudhi kweli.

Ukubwa wake nitakupimia kwa jambo moja. Katika Queen kila mmoja wa wanne alitunga kibao kilichofika kileleni, na wote wakaingizwa kwenye Songwriters Hall of Fame mwaka 2003. Ni bendi ngapi unazozijua ambazo ukimtoa mwimbaji, ukamtoa mpiga solo, mpiga besi peke yake anabaki na nyimbo za kuijaza saa nzima? Mbali na zile tatu, tafuta "Spread Your Wings" ya 1977, usikilize jinsi besi inavyokaa chini ya piano bila kuisukuma. Halafu "The Millionaire Waltz" ya 1976, utunzi wa Freddie, ambamo Deacon anaruka na piano kama wanacheza kidali po. Hiyo usiijaribu hotelini kabla hujafanya mazoezi ya mwezi mzima.

Na jambo la mwisho, la kazi. Najua waimbaji wa hotelini: sauti ya Freddie hawaifikii, wanaomba wimbo ushushwe. "You're My Best Friend" shusheni mpendavyo. "Another One" usikubali haraka, kwa sababu E ile ni uzi wako mnene ulio wazi, na chini yake hakuna kitu. Wakitaka D, ama ulegeze ule uzi kabla ya kupanda jukwaani na uwe umeshazoea vidole vinapohamia, ama uazime besi ya nyuzi tano. Usiipige juu kwa oktava. Mgeni yule aliyekuuliza atasikia.